Utepe wa Mashine ya Barafu

Deeq hakuwa na friji, wala jamaa ofisini, wala jozi ya pili ya viatu. Alikuwa na punda, mkokoteni, na mapipa manne ya maji aliyouza mitaani Garissa. Asubuhi hiyo alihitaji barafu.

Saa nne mkewe, Fosia, angetiwa dawa kali ya kumaliza saratani hospitalini, kisha arudishiwe seli zake za uboho. Muuguzi Samsam alikuwa amewaeleza: "Dawa ikiingia, atafune barafu bila kuacha. Mdomo ukiwa baridi, dawa haifiki sana. Asipotafuna, atatoka vidonda mpaka kooni."

Deeq alichemsha maji mara mbili, akayagandisha kwenye friza ya hoteli, akabeba barafu ndani ya chombo cha maziwa cha marehemu mama yake. Alikuwa amekifukiza kwanza kwa moshi wa mti. Kwao hakuna usafi unaozidi huo.

Samsam alichungulia, akaona masizi yameshika barafu. "Adeer," alimwita kwa heshima, kama ami yake, "hii siwezi kumpa. Kinga yake inakwisha leo."

"Chombo ni safi, walaahi! Mimi nimekua nikinywea humo."

"Najua, adeer."

Kwenye korido ilisimama mashine ya barafu, mpya, imefungwa utepe mwekundu. Deeq alimwendea msimamizi, Guleid.

"Haijazinduliwa, mzee. Tunangoja mgeni rasmi."

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Washa saa moja tu. Utepe usiguse."

"Mgeni akute imelowa, nitamwambia nini?"

Saa nne dawa ikaingia.

"Unauzia mji mzima maji," Fosia alimtania, "mimi nimekosa kipande cha barafu."

Siku ya nane, kwa vidonda, Fosia hakuweza kumeza hata mate. Maziwa ya ngamia aliyakataa kwa mkono.

Deeq alitoka hadi kwenye korido mchana, watu wakitazama. Akachomoa kisu cha kukatia kamba za punda, akakata utepe, akafungua maji, akawasha umeme. Mashine ikanguruma. Samsam alikinga bakuli, akampelekea mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa anangoja dawa yake.

Posta, Deeq aliandika: "Mheshimiwa mgeni rasmi, utepe wako umeshakatwa. Usijisumbue." Akaukunja utepe pamoja na barua ndani ya bahasha, akalamba gundi kwa ulimi wake mzima, usio na kidonda, akaifunga, akaitumbukiza.