Wingu la Gatuanyaga

Jumatatu asubuhi Wanja alikuwa akianika nepi kwenye kamba ya ploti, pale mtaani Landless, huku laptop yake ikijaribu kuamka juu ya meza. Feni yake ilivuma kama jiko la mafuta. Alipomaliza kuanika na kurudi ndani, ilikuwa haijafungua hata ukurasa mmoja. Wanja alikuwa akirekebisha programu za kampuni ndogo ya Ruiru iliyowapimia wakulima maziwa yao, na kwa sababu ya mashine hiyo kila mara alikuwa wa mwisho kumaliza. Githae, bosi wake kule Ruiru, akampigia simu.

"Wanja, sasa."

"Poa."

"Wacha kuhangaika na hiyo laptop. Weka mazingira yako ya kazi kwa wingu. Hiyo yako ibaki dirisha tu ya kuchungulia. Kazi yote ifanyikie huko mbali."

Alimwelekeza hatua kwa hatua. Wanja akafungua ukurasa, akayapa mazingira yake jina, akachagua ukubwa wa mashine, kisha akaulizwa anataka mashine hiyo ikae wapi. Palikuwa na Frankfurt, Mumbai, Cape Town na Gatuanyaga.

"Chukua Gatuanyaga," Githae akasema. "Ni karibu. Haitakuwa ikikwama."

Dirisha jeusi likafunguka, na ndani yake kistari cheupe kikawa kinapepesa. Wanja akaanza kuweka vifaa vyake vya kazi kimoja baada ya kingine. Alikuwa anaweka cha mwisho wakati mstari ambao hakuuandika yeye ulipotokea chini ya wake.

"Mama Nasi, usiweke hiyo mpya. Itagombana na zile zingine."

Alikuwa ni Barasa, mumewe. Barasa alikufa mwezi wa tatu katika moto wa kiwanda cha nguo, huko Eneo la Viwanda, na akazikwa kwao Webuye. Alipokuwa hai alitia vitambaa rangi na hakuwahi kugusa kompyuta. Huko aliko alikuwa amefunzwa kazi hii kama alivyofunzwa kazi zote, kwa kuonyeshwa mara moja na kufokewa baadaye.

Wanja alitoa toleo hilo jipya, akaweka la zamani. Mashine ikakubali. Kisha akaandika, "Umekula?"

"Huku hatuli."

"Nasi anatembea."



"Ameanza lini?"

"Wiki ya Pasaka. Alishuka kitandani akaenda moja kwa moja hadi kwa viatu zako."

"Akazigusa?"

"Alizivaa."

Baada ya hapo, mpaka mchana, kazi za Wanja zilikuwa zinakamilika upesi kuliko alivyowahi kuona.

Kuna jambo Wanja alitaka kumuuliza, akaliahirisha hadi siku iliyofuata. Siku ya maziko, msimamizi wa zamu aitwaye Bedan alikuja Webuye na shada la maua, akasoma salamu za kampuni kwenye kipaza sauti. Salamu zilisema kwamba mlango wa nyuma ulikuwa wazi, kwamba wengi wa wafanyakazi wenzake walitoka salama, na kwamba marehemu, kwa bahati mbaya, alikuwa amelala juu ya marobota. Boma zima la jamaa lilisikia. Tangu hapo mama yake Barasa aliacha kwenda kisimani wakati wengine wakienda, maana wanawake walikuwa wanamhurumia kwa namna ambayo watu humhurumia mzazi wa mlevi.

"Baba Nasi," Wanja akaandika, "ulikuwa umelala?"

"Nani amesema?"

"Bedan. Kwa matanga."

Jibu lilikuja neno moja moja.

"Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Hufungwa kila siku, ati tusitoke na nyuzi. Tuligonga, mimi na Calvince wa zamu yetu. Calvince alikuwa anamwita Bedan kwa jina. Bedan alikuwa ng'ambo ile, nilimsikia akikohoa."

"Calvince yuko wapi?"

"Yuko mashine ya jirani. Sote tuko kazini. Niliuliza mkubwa wa huku tutatoka lini, akasema zamu yetu haijaisha. Hakuna mtu ametufungulia."

Wanja alifunga laptop. Alimwogesha mtoto, akamfunga mgongoni, akachukua bodaboda hadi Gatuanyaga.

Wingu lilikuwa juu ya shamba la mama mmoja mzee aitwaye Magdalene. Lilikuwa wingu la ukubwa wa kawaida, jeusi chini na jeupe juu, na lilikuwa limetulia mahali pamoja huku anga yote iliyobaki ikiwa tupu hadi mlima wa Ol Donyo Sabuk. Chini yake mbuzi walikuwa wamelala kivulini. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa kimo cha goti.

"Karibu," Magdalene akasema. "Umekuja kwa wingu?"

"Eeh, cucu. Bwanangu yuko hapo."

"Pole. Basi mwambie hapa kwangu hainyeshi. Limekaa tangu mwezi wa tatu na halijatoa tone. Nilienda kwa chifu, akasema hilo ni la watu wa kompyuta, tusilisumbue."

Alimletea Wanja kigoda. Wanja akafungua laptop mapajani, akaiunganisha na simu, akasubiri.

"Umenyoa," Barasa akaandika.

"Walininyoa kwenu, baada ya matanga."

"Umekonda pia. Mama Nasi, mwinue mtoto nimwone."

Wanja alimtoa Nasimiyu mgongoni, akamwinua juu kwa mikono miwili. Walimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa kiangazi, kama Wabukusu wafanyavyo. Mtoto alitazama juu, akacheka, akaonyesha meno yake mapya. Wanja alimshikilia hivyo mpaka mikono ikachoka, na hakumshusha.

Ndipo matone yakaanza kuanguka. Yalikuwa machache na makubwa, na yalitua juu ya mtoto na Wanja tu, na kidogo kwenye ukingo wa shamba. Magdalene alikimbilia beseni, akayakinga, akachovya kidole na kuonja.

"Ni ya chumvi," akasema. "Hayafai mahindi." Akayamwaga taratibu kando ya ua, mahali ambapo hapakuwa na mmea, akarudi kukaa na mgeni wake.

Keshoye Wanja alikwenda kiwandani. Bedan alimpokea ofisini, akafunga mlango, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa amezeeka tangu maziko.

"Barasa anaendeleaje?" akauliza.

"Anafanya kazi."

"Ndiyo zake. Na Calvince?"

"Yuko naye."

"Yeye huniita," Bedan akasema. "Nikifungua tu kompyuta ya ofisi. Huandika jina langu, halafu hunyamaza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wanja, mlango ulifungwa. Ufunguo ulikuwa kwa mkubwa, na mkubwa alikuwa ameenda lunch. Nilisimama hapo nje. Sikuwa na la kufanya."

"Basi sema hivyo."

Bedan alimpigia simu wakili wa kampuni, akaiweka simu mezani ili wote wasikie. Wakili alisikiliza kwa heshima. Alisema hana shida na wingu, kesi za namna hiyo siku hizi ni nyingi, ila shahidi lazima ashuke, ale kiapo, na aje na kitambulisho. Wanja akamwambia kitambulisho cha Barasa kilichukuliwa wakati wa kuandikisha kifo. Wakili akasema hapo sasa ndipo penye ugumu, akawatakia mchana mwema.

"Sitaki kesi," Wanja akamwambia Bedan. "Pigia mama yake. Hapa, sasa hivi. Mwambie mtoto wake hakuwa amelala. Hilo tu."

Wanja akatafuta namba kwenye simu yake, akambonyezea, akamsogezea simu. Bedan aliitazama. Upande wa pili mama aliitika, "Halo? Halo, Wanja?" mara kadhaa, kwa sauti ya mtu aliyeacha jembe ili apokee.

"Siwezi," Bedan akasema. "Niko na watoto."

Wanja alichukua simu akazungumza mwenyewe. Mama alimwamini palepale. Akaomba asomewe maneno yenyewe ya mwanawe, na Wanja akamsomea jioni hiyo, sentensi moja moja, huku mama akirudia kila moja kwa Kibukusu ili aisikie vizuri. "Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie mimi sikuamini siku hata moja." Lakini kile kipaza sauti cha matanga kilisikika hadi ng'ambo ya mto, na sauti ya mama haikufika huko. Aliendelea kwenda kisimani peke yake.

Kazi ya maziwa ilipoisha, Githae alimwambia Wanja afute yale mazingira, maana hayakuhitajika tena. Wanja alimuuliza Barasa kama yakifutwa ataachiliwa.

"Hapana. Utafuta dirisha tu," Barasa akajibu. "Mimi nitabaki."

Hakuyafuta. Alimwambia Githae kwamba mume wake yumo, na Githae akasema pole, kumbe, basi yaache. Akampa kazi nyingine ya kufanyia humo. Mchana Wanja aliandika programu, Barasa akazijaribu, na katikati ya kazi Wanja akawa anamweleza habari za Nasi: leo amesema maji, leo ameanguka, hakulia.

Siku moja, saa ambazo vibarua wa zamu ya jioni hushuka kwenda viwandani, Barasa aliacha kazi katikati.

"Tumeongezewa mtu," akaandika. "Msichana. Anaitwa Bridget, wa kufunga marobota. Ametoka palepale kiwandani kwetu."



"Amekaa kando, hajaanza kazi," Barasa akaendelea. "Anauliza kama kuna mtu huko nje."

Wanja alivuta kiti karibu na meza.

"Mwambie niko," akaandika.