Kibali cha Adero

Mwaka wa sabini na nne, kabla kipindupindu hakijafika Usenge, Seline aliuona muujiza kwa macho yake. Binti yake Adero, wa miaka saba, alikuwa na uvimbe tayani, mgumu kama kokwa la embe. Daktari wa Kisumu aliuita kansa, akamdunga sindano, na wiki moja baadaye uvimbe ulikuwa umenywea hata mtoto akarudia kutafuna mahindi ya kuchoma.

"Mlete tena Jumanne ya tatu," daktari alisema. "Isipite hata siku moja, mama. Hii kitu ikirudi, inarudi mbio."

Kabla ya Jumanne hiyo, watu wanne wa ufukweni waliharisha hadi wakafa. Redio ikasema kipindupindu kinazunguka dunia na sasa kimefika kwetu. Barabara ikafungwa kwa gogo na askari, omena, dagaa wa ziwani, zikakosa wanunuzi, na bila kibali cha afisa wa afya hakuna kutoka. Sawa, ugonjwa lazima uzuiwe, nani atabisha? Lakini kansa haikusoma tangazo la serikali.

Kila asubuhi Seline alipitisha uzi wa nyavu chini ya kidevu cha Adero, kutoka sikio hadi sikio, akafunga fundo kipimo kilipoishia. Jumanne ikapita. Wiki moja baadaye fundo lilikuwa limesogea upana wa vidole vitatu. Aliubeba uzi ule hadi barabarani akamwonyesha askari, Wanyonyi.

"Bwana askari, angalia. Hii ni uso ya mtoto wangu. Inamalizwa nikiona."

"Mama, mimi nataka kibali, si kamba," Wanyonyi alisema, ila macho yake yaliyakwepa mafundo.

Afisa wa afya alipopita hatimaye, aliandika kibali bila ubishi: mtoto asafiri kesho, mradi haharishi wala hatapiki. Seline alilia kwa furaha, akaipiga pasi gauni ya Adero.

Asubuhi, mama mkwe wake Selpha alisimama mlangoni na bakuli la uji. Kwao mtu haondoki nyumbani na tumbo tupu, sembuse mgonjwa. Seline alijua taya lilikuwa halifunguki na kwamba kwa siku mbili mtoto alikuwa akimeza matone tu. Alijua. Lakini alimwogopa mkwewe, na zaidi aliogopa askari wakimwona Adero amelegea watamrudisha. Akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha.

Hatua tatu kabla ya gogo, Adero akatapika uji wote.

Watu waliopanga foleni kwenye gogo walitawanyika wakipiga kelele. Wanyonyi akapuliza filimbi. Seline akapiga magoti kwenye matapishi.

"Uwi! Ni uji! Ni mimi nimempa! Nusa, bwana askari, ni uji tu!"

"Kibali inasema asitapike, mama."

Wakapelekwa kwenye mahema ya kipindupindu, uwanja wa shule. Kinyesi cha Adero kilisafirishwa Kisumu kikapimwe, safari ile ile aliyonyimwa mwenyewe. Siku tisa walingoja majibu. Muuguzi wao, Lornah, alikuwa mwema, akatundika chupa za maji ya chumvi, lakini dawa ya kansa hakuwa nayo. Uvimbe ukafumba jicho la kushoto. Uzi ukawa hautoshi tena, Seline akautupa. Aliwachukia wote: afisa, askari, mkwewe, na kuliko wote mkono wake mwenyewe ulioshika kijiko.

Siku ya kumi karatasi ikarudi. Lornah akamsomea: hana kipindupindu, aruhusiwe kupita. Seline hakungoja hata kushukuru. Alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, akashika njia mbio, Adero akikoroma shingoni mwake.

"Karibu tunafika, nyathina," alimwambia. "Daktari anatungoja, mtoto wangu."

Penye gogo aliwasihi wachuuzi waliopanga foleni wampishe, wakampisha. Hapo katikati yao mkoromo ulikoma. Seline alihisi mwili mdogo ukilegea na kuwa mzito, akajua mtoto amekufa, akaendelea kutembea.

Wanyonyi alisoma karatasi polepole, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili. Alikuwa amefurahi kweli kweli.

"Afadhali, mama. Imeandikwa mtoto hana ugonjwa. Pita."

Akaliinua gogo mwenyewe. Seline aliitazama barabara ya Kisumu, kisha akageuka kurudi nyumbani. Nyuma yake Wanyonyi, gogo bado likiwa juu, alikuwa akimwuliza kama amesahau kitu.