Swali la Ndoa Kwenye Fomu ya Chuo

Britta Heikkinen alianza kujaza fomu ya kuomba msaada wa ada Jumapili moja ya Januari, kompyuta ikiwa juu ya meza ya jikoni na theluji imepanda hadi usawa wa dirisha. Alitaka kwenda chuo kusomea miamba. Baba yake, Dale, dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, alikuwa bado anakula. Mama yake, Jolene, alileta bahasha yenye karatasi zote za nyumba ile.

"Jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya serikali," Britta alisoma. Akaitoa kadi, akaikodolea macho. "Mama, hapa wameandika Jolene Maki."

"Ndilo jina langu."

"Si lilikuwa jina lako kabla ya kuolewa?"

Mama akamtazama baba. Baba akazidi kutafuna polepole.

"Mwambie wewe, Dale."

"Nimwambie mimi? Wewe ndiye uliyesema tungoje theluji ipungue."

Britta akageukia picha ya harusi ukutani, aliyoizoea tangu utotoni: mama kwenye gauni jeupe, baba na suti iliyombana mabega, keki mbele yao.

"Na hiyo picha?"

"Picha ni ya kweli," baba akasema. "Keki nayo ya kweli. Aliyekosekana ni mchungaji."

Wakamsimulia, mmoja akimkatiza mwenzake. Siku ile ya Februari dhoruba ilifunga barabara, na gari la mchungaji likatumbukia mtaroni maili ishirini kutoka kanisani. Wageni walikuwa wamekwisha kufika, wana njaa. Wakala, wakacheza, wakatoa zawadi. Ndoa ikaahirishwa hadi Jumamosi iliyofuata, lakini Jumamosi hiyo Dale aliitwa kazini kusukuma theluji.

"Halafu ikawa aibu," mama akasema. "Watu wamekwisha kutuzawadia masufuria. Ungewaita tena uwaambie nini?"

"Kwa hiyo miaka yote hii hamjaoana?"

"Tumeoana," baba akasema. "Hatujaandikishwa tu."

Britta hakukasirika. Alitaka kujua kila kitu: nani mwingine alijua, bibi alisemaje, mchungaji alitoka vipi mtaroni. Kisha akakumbuka fomu. Akaogopa kwamba kwenye swali la ndoa ya wazazi hapatakuwa na jibu la watu kama wake. Akashuka na orodha ya majibu: wameoana, wametengana, mjane. La mwisho lilisema: hawajaoana, wanaishi pamoja.

Mama akainama asome mwenyewe. "Kumbe tuko wengi," akasema, akavuta kiti akakaa.

Barua ya chuo ilikuja Aprili. Msaada ulitosha, kilichobaki Britta angekipata kwa kufanya kazi maktabani. Agosti baba akampeleka kwa gari, mwendo wa saa tatu kando ya ziwa. Walipokaribia, Britta akauliza swali alilokaa nalo tangu Januari.

"Baba, hukuwahi kumwomba tena?"

"Mara mbili. Ya kwanza alikuwa na uchungu wa kukuzaa wewe, akanifukuza chumbani. Ya pili akasema atafikiria."

"Hiyo ya pili ilikuwa lini?"

"Juzi Jumanne," baba akasema, akawasha taa ya kukata kona.