Siku Mlima Ulipovuma

Shangazi yangu anashona mahema ya watu wanaopanda mlima. Chumba chake cha kazi kimejaa mahema yanayoning'inia darini kama popo, zipu zilizokufa zimelala kwenye kopo, na cherehani yake ya umeme iko dirishani, pale ambapo mlima unaonekana wote, mawingu yakipenda. Wateja wakishuka na mahema yaliyochanika, huwauliza swali moja tu: "Juu kukoje?"

Na wote hujibu vilevile. "Mama, maneno hayatoshi."

"Hayatoshi, hayatoshi," shangazi hunung'unika wakishaondoka, pini mdomoni. "Mimi kitambaa kisipotosha naunga. Wao wanashindwa nini kuunga maneno?"

Mwaka huu daktari akamwambia goti lake lazima lipasuliwe, na baada ya hapo habari za mlima azisahau. Shangazi hakulia. Alirudi akashona makoti manne mazito, moja akamrushia baba. Baba ni mdogo wake, na kazi yake ni kuongoza wapanda mlima.

"Kabla ya kisu, nipeleke."

"Dada, goti lenyewe hilo..."

"Goti langu, mlima wa Mungu. Wewe kinachokuuma ni kipi hapo?"

Basi tukaenda: wao wawili, mimi, na kaka yangu tunayemwita Spika kwa sababu hana swichi ya kuzimia.

Baba ana utaratibu wake. Mwenye mwendo mdogo anatangulia, ili asiachwe. Wa mwisho anavaa filimbi shingoni, kwa kuwa yeye ndiye anayewaona wote. Filimbi ikilia, mnageuka na kushuka, hata kama aliyepiga ni mtoto, hata kama kilele kiko puani. Maswali mtaulizana kambini.

Filimbi akanivisha mimi.

"Huyu?" Spika alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, huyu hata chumvi mezani haombi! Anakula hivyohivyo kama anatumikia kifungo!"

Ni kweli.

Tulitoka kambini kulipopambazuka. Sasa niseme nini? Mawingu yalikuwa chini yetu. Chini! Mimi nimezoea kuyatazama kwa kuinua shingo, leo nayachungulia kama mtu aliye juu ya kitanda cha ghorofa. Jua likachomoza, yakawaka yote, mpaka mwisho wa macho.

"Jamani, sufi yote hii," shangazi alinong'ona. "Nani ataishonea godoro?"

Hata Spika alinyamaza. Nilijiona mdogo, lakini si ule udogo wa darasani mwalimu akinitaja. Ulikuwa udogo mtamu, kama wa kulala peke yako kwenye kitanda cha wazazi.

Baadaye upepo ukaanza. Wote wakavaa kofia za makoti. Kofia za shangazi zina blanketi ndani, tena mara mbili, na kamba akizifunga yeye kufunguka ni mpaka zitake zenyewe. Yangu ilikataa, maana nilikuwa nimesuka mabutu makubwa. "Chungu kimegoma kufunikwa," Spika akasema. Masikio yangu yakabaki nje yanaganda.

Halafu mwamba wa mwisho ukajitokeza. Mweusi, umesimama wima, karibu kabisa. Shangazi akaanza kuchechemea mbiombio, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama mtoto aliyemwona mama yake akirudi sokoni. Sijawahi kumwona hivyo. Nyuma ya mwamba ukungu ulikuwa unapanda upande wa pili, kimyakimya, wenye rangi ya jeraha.

Ndipo nikasikia. Mmmmm.

Nilidhani ni nyuki. Nyuki huku? Nikatazama mkononi. Ilikuwa fimbo yangu ya kupandia, ya chuma, inavuma yenyewe. Kisha mawe nayo yakaitikia, kwa chini, kama watu wengi wanaoimba midomo imefungwa. Vinywele vya shingoni vikasimama kimoja kimoja. Baba alishatuambia: chuma kikiimba, radi inachagua pa kukaa.

"Baba!" niliita. Hakuna aliyegeuka. Blanketi mara mbili.

Nikaishika filimbi, nikamtazama shangazi na ule mkono wake ulionyooka. Ningepuliza, asingefika tena maisha yake yote. Na ni mimi ningekuwa nimemnyima. Kama nimekosea je? Kama ni upepo tu?

Mlima ukaendelea kuimba. Nikapuliza. Kwanza ikatoka pumzi tupu. Nikajikaza kisabuni, nikapuliza tena mpaka machozi yakanitoka.

Wakageuka wote. Uso wa shangazi sitausahau. Lakini utaratibu ni utaratibu: hakuuliza. Akageuka akaanza kushuka. Baba alivuta ukingo wa kofia yake kwa nguvu mpaka sikio moja likachomoza, akasikia, macho yakamtoka. "Fimbo chini! Ziacheni! Shukeni!"

Tulijikunyata kwenye bonde dogo, magoti kifuani. Radi ilipiga pale pale kwenye mwamba. Haikuwa mwanga halafu sauti. Vilikuja pamoja, kama vile mbingu imepasuka kwenye mshono. Ardhi iliruka chini ya viatu vyetu. Mvua ya mawe ikamwagika, na nilichoona ajabu ni kwamba woga uliniisha. Nilitazama tu, mdomo wazi. Ukungu ukafunguka kidogo, mwamba ukaonekana, mweupe wote, unameremeta juani, halafu ukafungwa tena.

Shangazi alikuwa analia polepole.

Kambini, kamba zake zilipokubali kufunguka, alinigeukia. "Sasa naruhusiwa. Ulisikia nini?"

"Mlima uliimba."

"Mimi sikusikia kitu." Akaitazama kofia mkononi mwake. "Kumbe nawashonea watu uziwi!"

Goti limeshapasuliwa. Mguu mmoja uko juu ya kiti, mwingine ndio unakanyaga pedali. Kofia zote sasa zina matundu ya masikio. Jana mteja alimuuliza, "Mama, nasikia ulipanda. Juu kukoje?" Shangazi akaninyooshea mkasi: muulize huyu. Mteja akanitazama, nami nikatazama sakafu, hadi akachukua hema lake akaenda zake.

Tulipobaki wawili akasema, "Haya. Niambie mimi."

Nikajaribu kuvuma kwa mdomo, nikaona aibu, nikaacha. Akafikiri. Akaweka mguu kwenye pedali, akaibonyeza kidogo sana, ile ya mota kunguruma bila sindano kushuka.

"Hivi?"

"Hapana. Chini zaidi."

"Hivi?"

"Bado, shangazi. Punguza. Punguza... Hapo! Hapo hapo, usiondoe mguu!"

Akafumba macho. Kopo la zipu likaanza kutetemeka mezani. Nikaona vinywele vya mkono wake vinasimama.