Kisahani cha Bi Sichana

Ubwa alishika ncha ya kamba ya kupimia ukutani, mkewe Biasha akaivuta mpaka ukuta wa pili. Tangi lilienea, na nafasi ikabaki ya kupita mtu na ndoo yake.

"Si nlikwambia?" alisema Biasha. "Limekaa kama limezaliwa hapa."

Tangu jana, wapagazi walipolipandisha tangi jeusi la mradi wa samaki kwa kamba kutoka uchochoroni, kila aliyekuja kulitazama aliuliza kama litaenea. Hakuna aliyeuliza litakuwa na uzito gani. Ubwa alichukua kalamu, akaandika nyuma ya kalenda: lita moja ya maji, kilo moja, lita elfu moja, kilo elfu moja. Akagawa kwa sabini.

"Watu kumi na wanne," alisema.

"Wepi hao?"

"Watu wazima. Wamesimama pembe hii usiku na mchana, na hawaondoki."

Biasha alitazama chini. Nyumba yao ya Mji Mkongwe ilikuwa ya mawe na chokaa, na sakafu ya juu ililala juu ya boriti za mikoko zilizopita ukuta hadi ukuta. Chini ya boriti hizo ndipo alipoishi Bi Sichana, mjane wa miaka sabini na kitu.

"Basi tuchukue pipa la lita mia mbili," alisema Ubwa.

"Pipa lafuga samaki wangapi?"

"Kumi."

"Sisi watu sita, Ubwa! Ijumaa mbili tu tushawamaliza, kisha tungoje nusu mwaka?"

Ubwa alikuwa mfuaji mashuka katika hoteli, na kila siku aliwaona changu wakipita kwenye sinia kwenda kwa wageni. Sokoni, fungu la changu watatu lilikuwa limefika bei ya kilo nne za mchele. Mradi ulikuwa na akili: samaki wakae tangini, pampu ipandishe maji yao machafu kwenye kitanda cha kokoto, mboga zilizopandwa humo zijilishe ule uchafu, maji yarudi safi. Nusu ya ukumbi wao wa nyuma haikuwa na paa, kwa hiyo jua lilikuwepo. Kilichomtisha ni sakafu.

Akamwita Mjaka, fundi wa nyumba za mawe, wakateremka pamoja.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kunizika mapema?"

Alikuwa kitandani, kikombe cha chai mkononi. Alipiga funda, akakifunika kwa kisahani. Akafunua, akapiga funda, akafunika tena. Kwa miaka kumi na moja Ubwa aliamini bibi huyu anaogopa nzi. Leo alikitazama kisahani vizuri. Kilikuwa na vumbi jeupe.

Mjaka alipanda juu ya kigoda, akagonga boriti kwa mpini wa nyundo. Katikati ilijibu kwa sauti nzito. Karibu na ukuta ilijibu kama debe tupu. Akachomeka bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini.

"Kiunoni nzima, kichwani imeoza," alisema. "Mvua imeila ndani ya ukuta."

"Itabeba tangi?"

"Inakubebeni nyinyi kwa sababu mnatembea. Mzigo uliokaa pahala pamoja, mimi sikuwekei dhamana. Pipa, ukilisogeza kwenye ukuta wa kati, sawa."

"Bi Sichana, umeyajua haya tangu lini?" aliuliza Ubwa.

"Tokea mume wangu yu hai."

"Mbona hukusema?"

"Nseme, nende wapi?"

Bwana Wakil, afisa wa mradi, alifika baada ya sala ya alasiri na mfuko wa vifaranga vya samaki aina ya perege. Aliunganisha mpira wa maji mwenyewe, akafungulia bomba, kisha akasimama mlangoni na simu yake ya kupigia picha.

"Bwana Wakil, nipe pipa," alisema Ubwa. "Boriti zimeoza."

"Fomu inasema lita elfu moja. Hakuna pungufu."

"Fundi kaziona."

"Basi andika barua kuwa sakafu haibebi. Mimi ntaipeleka afisi ya nyumba, waje wakague, nawe utapewa pipa."

Ubwa aliyaacha maji yaendelee kuingia. Nyumba ya jirani waliandika barua kama hiyo. Wakaguzi walikuja, wakabandika karatasi ya hatari mlangoni, wapangaji wakapewa siku saba. Miaka miwili baadaye boriti mpya ziliwekwa, na sasa pale palilala watalii. Mashuka yao aliyafua yeye.

Maji yalipita mstari wa mia mbili. Yakapita mia tatu. Yalipokaribia mia nne, kitu kililia chini ya miguu yao, kifupi, kama kiti kinachokaliwa na mtu mnene.

"Bi Sichana!" Ubwa alipiga ukelele.

"Naam!" ilijibu sauti kutoka chini. "Nipo. Chokaa tu."

Ubwa alifunga bomba.

"Bado mia sita," alisema Wakil.

"Njoo usimame hapa kando yake, mpaka lijae. Nami ntafungulia."

Wakil alitazama tangi, akatazama sakafu. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. "Picha inatosha," alisema, akapiga kutoka pale pale mlangoni. Kisha akanyoosha fomu, mkono ukiwa umetangulia mbali na mwili. "Tia sahihi."

Ubwa alisoma yote, hata maandishi madogo. *Tangi limejazwa lita elfu moja. Mpangaji anathibitisha kuwa jengo linahimili, na atabeba dhamana ya madhara yoyote.* Aliikata elfu moja kwa mstari, akaandika mia mbili, kiasi cha pipa. Akayakata maneno ya dhamana pia, kisha akatia sahihi.

"Umeiharibu fomu!"

"Nimeisahihisha."

"Kesho watu wangu watakuja kulichukua tangi. Na hii afisi ya nyumba wataiona."

Akaondoka na vifaranga vyake. Biasha aliufuata ule mfuko kwa macho mpaka ngazi zilipoumeza, kisha akashika ndoo. Wakayateka maji na kuyamwaga uchochoroni, ndoo baada ya ndoo, huku wakikanyaga kwa vidole.

Tangi lilipokuwa tupu, Ubwa aliteremka. Bi Sichana alimmiminia chai.

"Na samaki?"

"Kaondoka nao."

"Na afisi ya nyumba?"

"Watakuja."

"Lini?"

"Sijui, Bi Sichana."

Ubwa aliinua macho kwenye boriti. Vumbi lilikuwa bado linashuka, taratibu, katika mwanga wa dirisha. Akanyoosha mkono, akachukua kisahani cha bibi, akakifunika kikombe chake mwenyewe.