Jina la Berrospe na Mbao za Tsitsiki

Jumamosi nyingine ikapita bila nyama.

Katika karakana ya Berrospe, Jumamosi ikifika adhuhuri, kazi ilikuwa inasimama. Tangu enzi za babu wa don Fulgencio, mwenye karakana wa sasa, sufuria la nyama ya nguruwe lilikuwa linatoka sokoni likifuka mvuke, na mafundi wote, wa shingo, wa mbavu na wa vanishi, wanakula juu ya meza ileile wanayorandia mbao. Mama Obdulia, aliyeuza korunda, vile vitonge vya mahindi vinavyopikwa ndani ya majani, pale kwenye kona, alikuwa akitania kwamba yeye haulizi hali ya nyumba ya Berrospe, ananusa tu.

Sasa hapakuwa na cha kunusa. Don Fulgencio alisema daktari amemkataza mafuta. Nereida alikuwa dirishani anapaka gitaa vanishi, binti yake Tsitsiki amelala mgongoni ndani ya shali ya buluu, na alijiuliza: daktari amemkataza yeye, au ametukataza sote?

Kabla ya nyama ilikuwa taa ya dirisha la duka. Ilizimwa, eti inafifisha rangi ya magitaa. Kabla ya taa ilikuwa gari la mizigo. Liliuzwa, eti macho ya mzee hayaioni tena barabara vizuri. Kila jambo lilikuja na sababu yake, na sababu zote zilikuwa nzuri mno. Hilo ndilo lililomkosesha Nereida raha. Mtu mwenye shida ya kawaida hukosa la kusema. Huyu hakukosa hata mara moja.

Mafundi walipoondoka, don Fulgencio alimsogelea taratibu, akamgusa Tsitsiki kwenye wayo.

"Komadre," alisema. Waliitana hivyo tangu siku alipomshika mtoto kwenye maji ya ubatizo. "Zile mbao za marehemu baba yako bado ziko darini?"

Mkono wa Nereida ukasimama juu ya gitaa.

"Zipo, kompadre. Ni za Tsitsiki."

"Najua ni za Tsitsiki. Mimi si baba yake wa ubatizo? Nataka uniachie zote. Nikizipata sasa nitaunganisha nyuso za magitaa kabla mvua hazijaanza, na maonyesho ya magitaa ya Agosti yakipita nakulipa. Jina la Berrospe lina zaidi ya miaka mia, komadre. Limewahi kumdhulumu nani?"

"Na mbao zako mwenyewe? Ghala lilikuwa limejaa."

Don Fulgencio akaangalia saa yake. "Biashara inakwenda vizuri," alisema. "Zimekwisha."

Biashara inakwenda vizuri, na nyama hakuna. Nereida alifunika vanishi yake akatoka.

Mama Obdulia alikuwa anamsubiri, au alijifanya hamsubiri, anapanga korunda zake kwenye kapu.

"Njoo wewe, mrembo wa Berrospe! Leo tena mmeshinda na harufu ya gundi?"

"Mzee amekatazwa mafuta, mama."

"Amekatazwa mafuta!" Obdulia alicheka hadi mabega yakatikisika. "Na masanduku amekatazwa na nani? Mimi naketi hapa, mwanangu, makalio yangu yamekwisha kuchukua umbo la hiki kiti. Lori la kaskazini linashusha masanduku mlango wa nyuma. Marefu hivi. Kiuno hapa, shingo hapa. Kesho yake masanduku yanatoka kwa mlango wa mbele, yana jina la Berrospe ubavuni. Yanaingia kwa nyuma, yanatoka kwa mbele! Hata kuku wangu anaelewa."

"Anaelewa nini?"

"Kwamba huyo mzee ananunua magitaa ya kiwandani, yale ya bei ya viatu, anabandika lebo ya babu yake, anauza. Usinitolee macho. Mji mzima unasema, ila ninyi mnaokula kwake mmeziba masikio. Haya, chukua korunda, umpe na mumeo. Leo ni bure, maana nyama hamna."

Nereida alichukua korunda, na maneno yale akayabeba pamoja nazo hadi nyumbani.

Mbao zenyewe zilikuwa juu ya kichwa chake kila alipopika. Baba yake alizipandisha darini wiki aliyozaliwa Nereida, mwerezi kwa ajili ya nyuso na granadiyo nyekundu kwa ajili ya migongo, kama kila fundi wa Paracho, mji wao wa magitaa, amfanyiavyo mtoto wake. Mtoto anakua chini, mbao zinakauka juu. Akiolewa au akishika randa, anashushiwa. Nereida hakushushiwa. Baba yake alifariki, yeye akaolewa na Ubaldo ambaye tayari alikuwa na kazi kwa Berrospe, na mtoto alipozaliwa, Nereida alisimama chini ya dari akasema kwa sauti: hizi ni zako, mama. Mwerezi uliokauka hivyo haununuliki. Atakayekuwa nao anaweza kufungua karakana yake mwenyewe, na hatamsubiri mtu yeyote amletee nyama Jumamosi.

Ubaldo alikuwa anakunjua jani la korunda alipoambiwa. Hakushtuka.

"Mpe," alisema.

"Nimpe? Hivi hivi?"

"Ni mtu mzima, Nere. Ni kompadre wetu. Amekwama kidogo, tumsaidie."

"Nani amekwambia amekwama? Mimi ameniambia biashara inakwenda vizuri."

Ubaldo akainuka kumpakata mtoto, ingawa mtoto hakuwa analia. "Wewe nawe! Umeketi na Obdulia, sasa unaona wezi hadi kwenye uji."

"Naona mume wangu haniangalii usoni."

"Nakuangalia." Akamwangalia, kidogo, kisha akageukia pua ya Tsitsiki akaanza kuifuta, na pua ilikuwa safi.

Usiku ule Nereida alilala na mashaka ya watu wawili badala ya mmoja. Ubaldo hakuwa mtu wa kutoa kitu upesi. Hata msumari wa zamani aliuweka mfukoni. Leo anatoa mbao za mtoto kabla hajamaliza kutafuna.

Jumatatu, mafundi walipokwenda nyumbani kula, alirudi karakanani. Alimwambia Ubaldo amesahau kitambaa cha mtoto. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwake.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umeegeshwa. Akachungulia. Birika lilikuwa linatoa mvuke juu ya jiko. Don Fulgencio alikuwa ameketi na gitaa mapajani, mkono umezama ndani ya tundu la sauti mpaka kifundo. Mezani palikuwa na lebo za Berrospe, zenye nembo ya njiwa, zimelowa. Ukutani masanduku yamepangana, yana vumbi la barabara ya kaskazini.

Akausukuma mlango.

"Kwa hiyo ni kweli, kompadre."

Mzee alishtuka hadi nyuzi zikalia. "Funga mlango."

"Sifungi. Nataka Obdulia asikie. Unataka mbao za mwanangu ili iweje? Uziweke dirishani watu wazione, huku nyuma unabandika jina la babu yako kwenye takataka za kiwanda? Na sisi tunaopaka vanishi hadi vidole vinachubuka, sisi ni pambo?"

Don Fulgencio hakupandisha sauti. Alimnyooshea lile gitaa.

"Lishike. Halafu unitukane vizuri."

Nereida alilipokea kwa hasira. Lakini mikono yake ilikuwa ya kazi, ikalipima kabla yeye hajataka. Lilikuwa jepesi, lenye ubavu mwembamba wa Berrospe, na shingo iliyochongwa na Ubaldo, maana hapakuwa na mtu mwingine aliyeacha kile kimgongo kidogo chini ya kidole gumba. Akapitisha mkono usoni. Kando ya tundu, ukucha wake ukazama.

Ufa. Ulishuka kutoka tundu la sauti hadi kwenye kikalio cha nyuzi.

"Hili ni letu," alisema.

"Yote ni yetu. Sibandiki lebo, komadre. Nabandua."

Akamweleza bila kumtazama. Mwaka uliopita duka moja kubwa la kaskazini, kule jangwani, lilitaka magitaa mengi kwa mpigo, na liliyataka kabla ya Krismasi. Oda ile ilifika mvua zikiwa zimekolea. Kwa Berrospe mvua zikikolea hakuna anayeunganisha uso wa gitaa. Unachonga shingo, unapinda mbavu, unapiga soga, lakini gundi haipashwi moto. Mbao zinakuwa zimekunywa unyevu. Ukizifunga hivyo kisha uzipeleke penye ukavu, zinajikunja na hazina pa kwenda.

"Nikasema jiko litaukausha ule unyevu," alisema. "Nikawasha majiko mawili humu ndani, nikafunga madirisha, tukaunganisha. Baba yangu asingethubutu. Mimi niliogopa kukataa oda kubwa hivyo. Sasa yanapasuka moja baada ya jingine. Anayelalamika nampelekea jipya, hili naletewa. Mbao zangu kavu zimekwenda huko. Gari limekwenda huko. Na nyama."

"Tukaunganisha, wewe na nani?"

Mzee akaanza kukusanya lebo zilizolowa.

"Kompadre, wewe na nani? Mimi nilikuwa kitandani na tumbo."

"Nilimwapisha asikwambie. Ulikuwa umekaribia kujifungua."

Nereida akaketi juu ya sanduku. Hasira ilitafuta pa kutua, ikamkosa mtu aliyestahili yote. Tsitsiki akajinyoosha mgongoni, akampiga ngumi ndogo shingoni.

"Na haya mabovu unayafanya nini?"

"Nabandua lebo, nayachoma. Gitaa lililopasuka lisionekane na jina la Berrospe."

"Na mji unaona masanduku yakiingia nyuma na kutoka mbele. Unajua wanasemaje?"

"Najua. Nina masikio."

"Unajua, na unanyamaza?"

"Nimwambie nani? Nikisema yamepasuka, Agosti nani atanunua?"

"Na wakisadiki unauza ya kiwandani, Agosti nani atanunua?" Nereida alisimama. "Huyo aliyepata ufa na ukampa jipya, ni mtu wako. Atakusifu hadi kwa kinyozi. Ni wewe unayemficha! Sikiliza, kompadre. Mbao hizo sizitoi kwa jina lililojificha. Chukua moja kati ya haya, liache na lebo yake na ufa wake, ulitundike mlangoni chini ya kibao chenu. Anayeuliza umjibu. Ukiweza hilo, njoo nyumbani tuongee. Usipoweza, mbao zitakaa juu hadi mwanangu aote meno yote."

"Unataka kuniua nikiwa nimesimama."

"Nataka nijue ninayempa ni nani."

Nyumbani hakupiga kelele. Alimwekea Ubaldo uji wa mahindi mbele yake, akaketi. "Nimeliona gitaa lako lenye ufa," alisema. Ubaldo akaweka bakuli chini. Alilia kama mtu aliyechoka kubeba, na Nereida akamwacha alie, akasogeza kiti karibu, lakini kumwambia si kitu hakumwambia.

Siku iliyofuata ikapita. Mlangoni kwa Berrospe palikuwa na kibao peke yake. Nereida alipaka vanishi, don Fulgencio alipita huku na huku. Siku ya pili hivyohivyo. Akaanza kuamini kwamba maneno ya chumba cha nyuma nayo yalikuwa sababu nyingine nzuri.

Alhamisi asubuhi alisikia sauti ya Obdulia kabla hajafika kwenye kona.

"Jamani njooni! Berrospe ametundika maiti!"

Gitaa lilikuwa linaning'inia chini ya kibao, ufa umeelekezwa barabarani. Don Fulgencio alikuwa amesimama chini yake, amevaa shati la kanisani, na watu walikuwa wameanza kujikusanya. Fundi wa karakana ya jirani alipiga mbinja.

"Don Fulgencio! Hilo limeangushwa na punda?"

"Limeangushwa na mimi," alijibu mzee. "Tuliliunganisha mvua ikinyesha. Mimi ndiye niliyeamuru. Mwenye gitaa letu la mvua za mwaka jana alilete, apewe jingine. Na masanduku mnayoyaona yakiingia nyuma, ni hayo."

Wengine walicheka. Mmoja alisema hata Berrospe, jamani, hata Berrospe! Lakini fundi aliyepiga mbinja alisogea, akatia ukucha kwenye ufa, akauangalia muda mrefu, na hakucheka tena.

"Kumbe ni hayo," alisema Obdulia, kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa habari nzuri. Kisha akapata nyingine. "Hebu semeni, anampa mtu jipya bure? Bure kabisa?"

Jioni jua likiwa bado lipo, don Fulgencio alisimama mlangoni kwa Nereida, kofia mkononi. Ubaldo alikwisha kuegemeza ngazi. Nereida alimkabidhi mumewe mtoto, akapanda mwenyewe darini, na kwa muda alisikika akisogeza vitu huko juu. Akateremsha mbao, mwerezi kwanza, kisha granadiyo, akampa mzee moja moja.

"Hizi zinatosha magitaa manne," alisema kutoka juu.

"Niliomba zote, komadre."

"Najua ulichoomba. Nyingine ni za Tsitsiki. Haya manne yakitoka vizuri, na ukayauza kwa jina lako mchana kweupe, tutaongea tena."

Mzee alipitisha kiganja juu ya mwerezi, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu nyama ilipokoma.

"Kuna jingine," alisema Nereida.

"Bado?"

"Mvua ikianza, ufunguo wa chumba cha gundi nakaa nao mimi."

Ubaldo akakohoa. Don Fulgencio akamtazama Nereida kule juu ngazini, akamtazama mtoto, akaegemeza mbao ukutani kwa uangalifu. Kisha akaanza kuuchomoa ule ufunguo kutoka kwenye pete yake.