Miwani ya Bibi na Daraja Lililochoka

Darasani walimwita Desimali, kwa kuwa hata ukimuuliza saa alikujibu kwa nukta. Kwenye hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Mdomo ndio uliomponza. Siku hiyo wanafunzi wenzake wa uhandisi walipanga viti nusu duara, naye akaketi mbele akisugua viganja kwenye suruali. Pembeni yake alikaa bibi yake, mkoba mapajani, akiikagua feni ya darini kama mtu anayetaka kuinunua.

Mtihani wa mwalimu wa mawasiliano haukuwa wa kuandika. Kila mwanafunzi alileta mtu wa nyumbani, akamweleza mradi wake, kisha mgeni yule ndiye aliyesimama kulieleza darasa. Mgeni akipotea, mwanafunzi kafeli: atarudia somo, na safari ya mafunzo kwenye ujenzi wa daraja atasimuliwa na wenzake. Viatu vya kazi alivyoazima Desimali kwa binamu yake vilikuwa tayari chini ya kitanda.

"Haya, mume wangu," alisema bibi, "nipe maneno."

Darasa likacheka. Desimali akakohoa. "Bibi, mradi wangu unahusu uchovu wa viungo chini ya mizigo ya kujirudia, ambapo mkazo, hata ukiwa chini ya asilimia hamsini nukta tatu..."

Aliendelea hivyo hivyo, macho yake ukutani. Bibi aliitikia kwa kichwa, kwa huruma, mpaka mwisho, na Desimali akadhani mambo yamenyooka.

Bibi akasimama. "Wajukuu zangu, huyu mwenzenu anashughulikia viungo. Magoti, viwiko, na hivi vya vidole. Anasema mizigo inavichosha. Kweli tupu! Goti langu hili la kushoto ni shahidi. Mimi nilidhani anasomea madaraja, kumbe udaktari!"

"Dokta Desimali!" akapaza sauti mmoja kutoka nyuma. "Na kiuno changu je?"

Kicheko kikagonga madirisha. Mwalimu, mwanamke mfupi aliyechomeka chaki sikioni, alisubiri kipoe.

"Muda wako haujaisha," alimwambia Desimali. "Ila sasa usimhubirie. Muulize."

"Nimuulize nini, mwalimu?"

"Bibi ni wako. Mimi nimemwona leo."

Desimali akamgeukia bibi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waingie. Akaiona ile miwani: upande mmoja mkono wa waya, upande wa pili uzi mweusi uliozungushwa sikioni.

"Bibi, miwani yako ilivunjwa na nini?"

"Uliza na nani! Si wewe uliyeikalia pale kwenye kiti?"

"Sikuikalia. Kila siku unaifanyaje?"

"Naikunja, naikunjua. Bawaba zilishaganda, napinda waya wenyewe."

"Ukiupinda mara moja, unakatika?"

"Aa, mara moja utakatikaje?"

"Na miaka yote hii?"

Bibi akaivua miwani, akaupinda polepole ule mkono uliobaki, jicho likiwa pale unapojikunja.

"Chuma nacho huchoka, bibi," alisema Desimali, na sauti yake ikawa ile ya jikoni kwao. "Watu wakipita darajani, daraja linapinda kidogo, wakishapita linarudi. Macho hayaoni. Siku moja linakatika pale pale linapojipinda. Mimi natengeneza kifaa cha kunionyesha limechoka wapi, watu wasije wakaanguka nalo."

"Kumbe!" Bibi alivaa miwani, akaligeukia darasa. "Wajukuu zangu, nilipotea, nimerudi. Daraja ni hii miwani. Halivunjwi na lori moja. Linavunjwa na nenda-rudi ya kila siku. Huyu anataka kuliwekea mlinzi pale linapojipinda, apige kelele mapema. Maana daraja likishakatika, hakuna uzi mweusi wa kulifunga!"

Mwalimu akachomoa chaki sikioni, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: AMEPITA. Viti vikapigwa kama ngoma.

Desimali akainama kwa bibi, meno yote nje. "Basi bibi, umekubali kwamba sikuikalia?"

"Chuma kilikuwa kimechoka, nakubali," bibi akajibu, akikusanya mkoba wake. "Lakini aliyekaa kwenye kile kiti si uchovu, mume wangu. Ni wewe."